Besi, Jukwaa na Ushahidi: Rekodi za Jukwaani za Jaco Pastorius

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu rekodi zilizofanywa jukwaani za mpigaji mmoja wa gitaa la besi, Mmarekani John Francis Pastorius, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Jaco. Alizaliwa mwaka 1951, akafariki mwaka 1987. Msomaji ana haki ya kuuliza mpigaji huyu amefuata nini katika kurasa ambazo kwa kawaida hushughulikia Kiswahili na fasihi yake. Jibu letu ni la kimbinu. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi katika ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia bonde la Ruzizi kupitia Uvira hadi Baraka na Fizi, kazi yetu inasimama juu ya kanda. Mwanafunzi huenda Luvungi, Kiliba au Makobola, humrekodi mzee, huyaandika maneno, kisha hutuletea kurasa chache nasi tukaziita matini. Kutoka kwenye matini hayo tunatoa hukumu kuhusu Wafuliru, Wavira au Wabembe wanavyosimulia.

Mara chache sana tunapata rekodi kadhaa za fanani mmoja, zilizofanywa karibukaribu na kupitia mikono tofauti, hata tukaweza kupima mkono wa mkusanyaji umefanya nini. Pastorius ni miongoni mwa wasanii wachache ambao kwao kipimo hicho kinawezekana. Kanda zake zilirekodiwa na redio, na makampuni, na wenzake wa bendi, na watu waliokaa tu katika viti vya wasikilizaji. Nyingine zilitolewa akiwa hai, nyingine miaka 30 baada ya kifo chake. Hoja tunayotaka kuitetea ni kwamba rekodi ya jukwaani siyo usiku ule wenyewe. Ni kauli iliyotolewa baadaye kuhusu usiku ule, na walioitoa wana majina yao na sababu zao.

Kabla ya kuendelea, maneno mawili yanahitaji ufafanuzi. Kwa "rekodi ya jukwaani" tunamaanisha ile iliyofanywa wapigaji wote wakiwa pamoja, mbele ya hadhira iliyokuja kuwasikiliza. Sharti la hadhira ni la lazima. Bendi za dansi za Tanzania zilizorekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, bila kuunganisha vipande, lakini mbele yao hapakuwa na mchezaji dansi hata mmoja. Hizo ni rekodi za mkupuo mmoja, si za jukwaani. Neno la pili ni "jazi". Katika eneo letu lilifika kama sehemu ya majina ya bendi za dansi: African Jazz na OK Jazz kule Léopoldville, Morogoro Jazz na Western Jazz kule Tanzania. Muziki wenyewe ulikuwa rumba, cha-cha na mitindo ya nyumbani. Pastorius, kwa upande wake, alipiga jazi kwa maana ya Wamarekani weusi walioiunda, akaichanganya na funki, na muziki wa Karibi, na hata na ngoma za Wayoruba zilizopitia Cuba. Tusidhani basi kwamba neno moja linatupa kitu kimoja.

2. Sauti ya chini na sikio

Gitaa la besi la umeme ni chombo cha juzi. Lile lililoenea duniani lilianza kuuzwa na Leo Fender huko California mwaka 1951, mwaka uleule aliozaliwa Pastorius. Kabla yake, sauti ya chini ya bendi ilitolewa na kontrabasi, chombo kikubwa kama mtu mzima, kizito kubeba na chepesi kumezwa na tarumbeta. Gitaa la umeme liliingia Léopoldville mwaka 1953 pamoja na Mbelgiji Bill Alexandre wa kampuni ya CEFA, na kontrabasi ya bendi za Kongo ikaanza kuondoka polepole katika miaka iliyofuata. Inafaa kukumbuka kwamba chombo kilichoonekana cha kisasa sana huko Fort Lauderdale kilikuwa cha kisasa vilevile Kongo, na kwa tofauti ya miaka michache tu.

Sasa, mtu anayeusikiliza muziki huu Uvira anausikiliza kwa nini? Kwa miongo mingi amekuwa akiusikiliza kwa redio ndogo ya betri, ikinasa Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Kipaza sauti cha redio ya mkononi hakitoi chochote cha maana chini ya mitetemo 150 hivi. Kwa hesabu hiyo besi isingesikika kabisa. Hata hivyo twaisikia, au twadhani twaisikia. Maelezo yake wanafonetiki wanayafahamu. Kila mlio hubeba ndani yake milio mingine ya juu, na sikio likipata hiyo ya juu peke yake hujijengea lenyewe ule wa chini uliokosekana. Ndivyo inavyotokea kwenye simu. Sauti ya mwanamume hutetema kama mara 120 kwa sekunde, simu ya kawaida hukata kila kitu kilicho chini ya 300, lakini hatumsikii baba akiongea kama mtoto.

Majirani zetu wa Burundi wameligeuza jambo hili kuwa sanaa. Katika uimbaji wa inanga wa kunong'ona, mwimbaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna toni, kwa sababu nyuzi za sauti kooni hazitetemi. Toni zote zinatoka kwenye nyuzi za inanga, lakini msikilizaji huzipachika katika maneno na kuapa kwamba amesikia mtu akiimba kwa sauti nzito. Michel Vuylsteke aliunasa uimbaji huo mwaka 1967 katika rekodi zake za Burundi zilizotolewa na Ocora, na mwaka 1993 Cornelia Fales aliueleza kisayansi kama udanganyifu wa sikio unaokusudiwa na msanii. Kwa mzungumzaji wa Kirundi au Kifuliru, ambamo toni hubadili maana ya neno, huo si mzaha mdogo.

Tumekaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu linagusa moja kwa moja kazi ya mwanahistoria. Anayesikiliza rekodi ya besi anajaza. Na anayejaza ni lazima ajue kipi kimetoka kwenye kanda na kipi kimetoka kichwani mwake.

3. Mpigaji

Pastorius alizaliwa Norristown, Pennsylvania, tarehe 1 Desemba 1951, akakulia karibu na Fort Lauderdale, Florida. Baba yake alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji wa vilabuni. Mwana alianza na ngoma pia, lakini alivunjika kifundo cha mkono katika mpira wa Kimarekani, na baadaye akahamia kwenye besi. Alipitia bendi ya Wayne Cochran, ambayo ilizunguka miji kwa basi na kupiga kila usiku. Mwaka 1976 alitoa santuri yake ya kwanza iliyobeba jina lake, na mwaka huohuo akajiunga na Weather Report, bendi ya Joe Zawinul wa Austria na mpiga saksofoni Wayne Shorter. Alikaa humo hadi miaka ya 1980 ilipoanza.

Alichofanya kwenye chombo kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Gitaa la besi lina vyuma vyembamba vinavyokata shingo yake, ili kidole kisikosee mlio. Kwenye Fender Jazz Bass yake ya mwaka 1962 vyuma hivyo viling'olewa, na ubao ukapakwa gundi ngumu ya majini, ya aina inayotumiwa kuzibia mashua. Wavuvi wa Kalundu wangemwelewa haraka kuliko maprofesa wa muziki. Bila vyuma, kidole kinaweza kuteleza kutoka mlio hadi mlio kama sauti ya binadamu. Jambo la pili ni matumizi ya hamoniki: kuugusa uzi kidogo tu, pale unapogawanyika nusu, theluthi au robo, hata ukatoa mlio wa juu sana kama wa kengele. Katika "Portrait of Tracy" ya mwaka 1976 alitunga kipande kizima karibu chote kwa milio hiyo. Jambo la tatu ni kwamba alitafuta sauti yake karibu na mwisho wa nyuzi, mahali ambapo mlio ni mkavu na wenye milio mingi ya juu. Tukirudi kwenye redio yetu ndogo, matokeo yake ni wazi. Huyu ni mpigaji wa besi ambaye spika ndogo haikuweza kumzima. Huenda hiyo nayo ni sababu mojawapo ya umaarufu wake, ingawa wanaoandika juu yake hupenda zaidi kuzungumzia kasi ya vidole.

Yote hayo yamo katika santuri za studio. Kwa nini basi turejee jukwaani? Kwa sababu santuri ya 1976 inatuonyesha alichoweza kufanya, ilhali kanda za jukwaani zinatuonyesha alichokuwa akifanya, usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliolipa.

4. Mwenye bendi, mashine na hadhira

Rekodi ya mapema yenye kupendeza ni ile ya Berlin, Novemba 1976, ambapo Pastorius alipiga na Albert Mangelsdorff wa Ujerumani na mpiga ngoma Alphonse Mouzon. Mangelsdorff aliweza kupuliza tromboni na kuimba ndani yake kwa wakati mmoja, hata ikatoka milio mitatu minne pamoja. Hapakuwa na piano wala gitaa la kawaida. Besi ililazimika kujaza nafasi, na kwa mara moja tunaisikia bila pazia.

Rekodi iliyompa jina jukwaani, hata hivyo, ni 8:30 ya Weather Report, iliyotolewa mwaka 1979 katika santuri mbili. Pande tatu ni za jukwaani. Upande wa nne ni wa studio. Humo mna kipande kiitwacho "Slang" ambamo Pastorius yupo peke yake. Alitumia mashine iliyoshika kifungu cha muziki alichokwisha kupiga na kukirudia bila kukoma, kisha yeye akapiga juu yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa jambo analolijua: mwito na mwitikio. Tofauti ni kwamba mwitikaji ni yeye mwenyewe wa dakika moja iliyopita. Hadhira inasikika ikicheka na kushangilia, na kelele zake zinatuambia ni wapi hasa walipogundua hila.

Rekodi hii ilipita mikononi mwa mwenye bendi. Zawinul ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, na bendi inayosikika humo ni bendi kama alivyotaka isikike. Kwa miaka 36 hicho ndicho kilikuwa kipimo. Kisha mwaka 2015 mpiga ngoma wa bendi hiyohiyo, Peter Erskine, akasimamia utoaji wa kanda nyingine za miaka 1978 hadi 1981, nyingi zikiwa kaseti zilizochukuliwa kutoka kwenye meza ya fundi wa sauti, na nyingine zilizonaswa kutoka upande wa watazamaji. Ubora wake haulingani. Kaseti ya mezani inaleta karibu kila chombo, lakini hadhira iko mbali kama watu walio ng'ambo ya mto. Kaseti ya kitini inaleta ukumbi wenyewe, na besi ndani yake ni mvumo unaogusa kila kitu bila mipaka. Ya kwanza inamfaa anayetaka kuandika noti. Ya pili inamfaa anayetaka kujua watu walisikia nini. Wanafunzi wetu huweka kinasa sauti mbele ya mdomo wa mzee, kisha huandika kwamba hadhira ilikuwa kimya.

Jambo lilo hilo lilikwisha kumsumbua Hugh Tracey alipozunguka Kongo na Ruanda-Urundi mwaka 1952. Yeye hakuisimika maikrofoni. Aliishika mkononi akaisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye chombo, kwa kadiri alivyoona jambo muhimu linapohamia. Matokeo yake ni mazuri mno kwa sikio. Lakini kila tunapoisikia zeze au gitaa ikisogea mbele, tunausikia mkono wa Tracey.

5. Havana, Machi 1979

Kisa kinachotufaa kuliko vyote ni cha Havana. Mwezi Machi 1979, kuanzia tarehe 2 hadi 4, kampuni ya CBS ilifanya tamasha katika ukumbi wa Karl Marx mjini Havana, likiwakutanisha wanamuziki wa Marekani na wa Cuba wakati serikali zao hazikuwa zikielewana. Miongoni mwa waliopanda jukwaani tarehe 3 ni kikundi cha watu watatu kilichoitwa Trio of Doom: John McLaughlin wa Uingereza kwenye gitaa, Tony Williams kwenye ngoma, na Pastorius kwenye besi. Kila mmoja alikuwa bingwa wa chombo chake.

Usiku ule haukuwaridhisha. Siku tano baadaye, tarehe 8 Machi, watatu hao waliingia katika studio ya CBS mjini New York wakavipiga upya vipande vyao. Santuri za Havana Jam zilipotoka mwaka huohuo, vipande vya Trio of Doom vilivyokuwamo ni vile vya studio ya New York. Msikilizaji aliyeinunua aliamini kwamba anasikia Havana. Kwa miaka 28 watu walisifu au walilaumu onyesho ambalo hawakuwa wamelisikia. Mwaka 2007 ndipo vipande vya Havana vyenyewe vilipotolewa, pamoja na vile vya studio, katika sahani moja. Williams alikuwa amekufa mwaka 1997, Pastorius kabla yake. Aliyebaki kusema neno alikuwa McLaughlin peke yake.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni hila ya biashara na kuishia hapo. Sisi tunaona jambo zito zaidi. Wasanii wenyewe walilikataa onyesho lao. Je, fanani ana haki hiyo? Mzee akisimulia hadithi leo usiku, kesho asubuhi akamwita mwanafunzi na kumwambia, "Ile ya jana ilinishinda, nirekodi tena", tutahifadhi ipi? Mazoea yetu ni kuhifadhi ya pili, kwa heshima, na kufutia ya kwanza kwa sababu kanda ni chache. Heshima hiyo ni sahihi, lakini kinachopotea ni ushahidi kwamba msimulizi ana kipimo chake mwenyewe cha usimulizi mzuri, jambo ambalo hakuna dodoso litakalomfanya aliseme. Anayesikiliza sahani ya 2007 kutoka mwanzo hadi mwisho hapati tu maonyesho mawili. Anapata, katika nafasi iliyo kati ya yale mawili, maoni ya wasanii juu ya kazi yao. Kwa maoni yetu hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika sahani nzima, kupita muziki wenyewe, ambao Havana ni wa moto na wa vurugu, na New York ni safi na wa baridi kidogo.

6. Usiku tatu wa Word of Mouth

Baadaye Pastorius aliunda bendi yake kubwa, yenye matarumbeta, saksofoni na mapipa ya chuma ya Karibi yaliyopigwa na Othello Molineaux wa Trinidad. Aliiita Word of Mouth, yaani jambo lipitalo kwa midomo ya watu. Hatudhani alikuwa akifikiria idara za fasihi simulizi, lakini jina limetuangukia vizuri.

Kwa bendi hiyo tuna kitu adimu: usiku kadhaa ndani ya miezi kumi, kiini cha wapigaji kikiwa kilekile, yaani Erskine kwenye ngoma, Don Alias kwenye tumba, Bob Mintzer kwenye saksofoni, na Molineaux. Tarehe 1 Desemba 1981 walipiga katika klabu ya Mr. Pip's, Fort Lauderdale, siku Pastorius alipotimiza miaka 30. Tarehe 27 Juni 1982 walipiga Avery Fisher Hall, New York, pamoja na Toots Thielemans, Mbelgiji mpiga kinanda cha mdomo. Mwezi Septemba 1982 walizunguka Japani. "The Chicken", kipande cha Pee Wee Ellis aliyekuwa katika bendi ya James Brown, kimo katika rekodi za safari zote tatu. Msomi wa hadithi hapati kila siku vibadala vitatu vya ngano moja kutoka kwa fanani mmoja katika mwaka mmoja. Mstari wa besi, ule wa milio mifupi iliyozibwazibwa na kiganja, unabaki karibu vilevile, kama kibwagizo. Kinachobadilika ni urefu, nani anapewa nafasi, na umbali ambao Pastorius anajiruhusu kuuacha mstari huo kabla ya kuurudia.

Ila tazama njia ambazo kanda hizo zilipita. Ile ya siku ya kuzaliwa ilikaa hadi 1995, miaka minane baada ya kifo chake, na ni Erskine tena aliyeiandaa. Zile za Japani zilitolewa huko Japani katika sahani mbili zilizoitwa Twins, kisha mwaka 1983 kampuni ikachagua vipande ikatengeneza sahani moja, Invitation, kwa ajili ya soko la Marekani na Ulaya. Aliyeisikia Invitation pekee alisikia bendi yenye haraka, kwa kuwa mambo marefu yalikuwa yameachwa. Ile ya New York ilirekodiwa kwa ajili ya Jazz Alive!, kipindi cha redio ya umma ya Marekani, NPR. Redio ilitangaza sehemu tu. Mwaka 2017 kampuni ya Resonance ilitoa onyesho lote, zaidi ya saa mbili, kwa jina la Truth, Liberty & Soul, na ndani yake zilikuwamo kama dakika 40 ambazo redio haikuwahi kuzitangaza. Aliyefanya utafiti juu ya bendi hiyo kati ya 1983 na 1995 alikuwa, kwa hakika, akifanya utafiti juu ya uchaguzi wa kampuni moja.

Mwaka huohuo wa 2017 kulitolewa kanda nyingine zilizokawia, na hizi ni za kwetu. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, mjini Kinshasa, katika uwanja ulioitwa wakati huo wa 20 Mai, lilifanyika tamasha la Zaire 74, lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine ili litangulie pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alijeruhiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, tamasha likabaki peke yake. Walipiga James Brown na B.B. King, walipiga pia Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti, na Miriam Makeba. Filamu ya Soul Power ya mwaka 2008 iliwapa nafasi kubwa wageni. Rekodi za Waafrika zilingoja miaka 43 ndipo zikatoka kama sahani. Pastorius alingoja miaka 35 kwa onyesho la New York, naye alikuwa raia wa nchi yenye makampuni, na redio iliyotunza kanda zake ghalani. Kuhusu besi katika rekodi hizo za Kinshasa, msikilizaji aangalie jinsi inavyoacha mapengo. Besi ya rumba haijazi kila pigo, hunyamaza mahali ambapo mguu unatazamia mlio, na mguu wenyewe ndio unaojaza. Waulize wasikilizaji wa TPOK Jazz, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, majina ya waimbaji na wapiga solo wa bendi hiyo, watakutajia kumi. Jina la Mpudi Decca, aliyepiga besi ya Franco kwa miaka mingi, watalitaja wachache.

7. Miaka ya mwisho

Baada ya 1982 maisha ya Pastorius yaliharibika. Aliugua maradhi ya akili ya kupanda na kushuka kwa hisia, akanywa, akapoteza mikataba. Mwaka 1986 alilazwa katika hospitali ya Bellevue, New York. Mwaka huohuo gitaa lake la 1962 liliibiwa. Septemba 1987 alipigwa vibaya nje ya klabu moja huko Wilton Manors, Florida, akafariki tarehe 21, akiwa na umri wa miaka 35.

Hata hivyo, idadi ya rekodi za jukwaani za miaka hiyo ni kubwa. Zilifanywa katika vilabu vidogo vya New York na katika safari za Ulaya, ikiwamo ile ya Italia ya 1986 pamoja na Biréli Lagrène, na nyingi zilianza kuuzwa katika miaka ya 1990, mwenyewe akiwa hayupo tena kukubali wala kukataa. Nyingine ni nzuri. Nyingine ni za mtu mgonjwa aliyeshika chombo kisichokaa sawa, mbele ya watu wasiosikiliza. Wapo wanaosema zisingetolewa. Tunazielewa hisia zao, lakini hatukubaliani nao moja kwa moja. Kuzificha ni kumfanya msanii awe amekufa mwaka 1982. Kosa tunaloliona liko mahali pengine: katika kuziuza bila tarehe kamili wala maelezo ya hali, zikikaa rafuni kando ya Truth, Liberty & Soul kana kwamba ni ushahidi wa daraja moja. Kijana anayenunua kanda hiyo kwanza anaamini kwamba sifa za mtu huyu zilitiwa chumvi.

Hapa Uvira swali hili lina sura yake. Tunawarekodi wazee wakiwa wamechelewa, mara nyingi katika mwaka wao wa mwisho, pumzi fupi, meno yamekwisha. Kanda za ujana wao, kama ziliwahi kuwapo, zilikuwa katika nyumba. Na nyumba za mji huu zilipitiwa na vita vya Oktoba 1996, kisha na mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020. Kaseti haivumilii uporaji wala tope. Matokeo ni kwamba fasihi simulizi ya ukanda huu, kama ilivyo katika makabati yetu, karibu yote ni fasihi ya miaka ya mwisho ya fanani. Ni kana kwamba tunamjua Pastorius kwa kanda za 1985 na 1986 tu, na kutoka hapo tunaandika sura nzima kuhusu "kudhoofika kwa sanaa ya usimulizi".

Fomu tunazowapa wanafunzi wanaokwenda kukusanya zina nafasi ya jina la fanani, umri, kijiji, lugha na tarehe. Kwa wanaotoka msimu huu tumeongeza mistari minne: kinasa sauti kiliwekwa wapi, nani aliamua kukizima, na baada ya nini, je, msimulizi aliisikiliza kanda, na alisema nini, na hali yake ya afya siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe akipenda kuyatoa. Mstari wa tatu ndio unaoleta majibu marefu.